Kabla ya kumshtaki mdaiwa, mfanye ataje deni

Ukimdai mtu hapa Kenya na hamkuandikiana, usianze na "nilipe pesa zangu", atanyamaza tu. Mtumie ujumbe unaotaja kiasi na sababu: "Kwenye ile 85,000 ya mbao za Machi, utaanza na ngapi mwezi huu?" Akijibu "nitatuma elfu kumi Ijumaa", amekiri deni kwa maandishi yake, na Mahakama ya Madai Madogo haibanwi na kanuni kali za ushahidi. Mazungumzo yenyewe usiyafute, maana picha ya skrini peke yake huzua ubishi. Deni likizidi shilingi 1,000,000, nenda mahakama ya hakimu. Mbinu hii haifui dafu akijibu "tutaongea", au kama hana mali ya kukamatwa: utashinda kesi ubaki na karatasi.