Lori limelala yadi miezi? Bima usiiache ijifie, fanya hivi

Wakuu habari. Kila mara napigiwa simu, "gari lipo juu ya mawe linasubiri injini, bima nalipia ya nini?" Naandika hapa kwa wote, naongelea Tanzania, fuso na semi zenye bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe.

Langu lilikaa miezi minne gereji ya Mbagala, bima ikaisha nikasema nitakata likipona. Pembeni fundi anachomelea bodi ya tipa, cheche ikaingia kwenye kebini, siti na waya za dashibodi zote zikaungua hadi kitanda cha dereva. Nililipa mwenyewe. Gari likisimama ajali ya barabarani inaisha, ila moto, wizi na mafuriko vipo palepale.

Kwanza soma mkataba wenyewe sio stika. Angalia sehemu ya wizi, mikataba mingi hailipi betri au tairi iliyochomolewa gari likabaki. Na tela lina namba yake na bima yake, usilisahau.

Pili andika barua au imeili, namba ya gari, linalala wapi, tangu tarehe gani, sababu, na picha ya odometa. Omba wakushushe kutoka bima kubwa hadi ya moto na wizi tu kwa kipindi hicho, na uulize mapema hela ya bima inayobaki unaipataje, unarudishiwa hela, wanakupunguzia ukikata mpya au wanakuongezea siku. Haya ni makubaliano, kampuni inaweza kukataa, kwa hiyo ile "sawa bosi" ya kwenye simu usiilalie kabisa, subiri karatasi ya mabadiliko yenye tarehe, wenyewe wanaita endosimenti. Broka akusaidie sawa, ila kopi ubaki nayo.

Gari la mkopo? Anza na benki, jina lao lipo kwenye mkataba.

Ukishashushwa lori lisiguse barabara hata kwenda kujaribu breki, maana bima ya kumlinda mtu mwingine ni lazima kisheria. Likihamishwa lipakie lobedi, lile tela la chini la kubebea magari. Siku ya kurudi kazini rudisha bima kwanza, halafu ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima mtandaoni, isiposoma usitoke getini.

Kuna wanaokatisha kabisa. Mimi sishauri, ukikatisha mwenyewe kwa kawaida hawapigi hesabu ya siku kwa siku, wanakata zaidi ya siku ulizotumia.

MASWALI

Swali: Mkuu langu nimepaki nje ya geti, ubavuni mwa barabara ya mtaa. Nishushe?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hapo bado lipo barabarani, mtu akiligonga usiku ni kesi. Liingize ndani kwanza.

Swali: Nina kadi ya njano ya COMESA ya safari ya Lubumbashi, si inatosha?
Jibu: Ile inalipa madhara ya watu wengine ukiwa nje ya nchi, kebini yako ikiungua yadi haihusiki. Tena imeshikilia bima yako ya nyumbani, usiiguse kabla hujaongea nao.

Swali: Na ile leseni ya gari ya kila mwaka?
Jibu: Ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, gari lililolala halidaiwi.

Swali: Kichwa kipo gereji ila tela nimemkodisha jamaa, anavuta na kichwa chake.
Jibu: Shusha kichwa tu, tela liache na bima kamili. Na waambie kampuni leo leo kwamba linavutwa na kichwa cha mtu mwingine, usisubiri lipinduke Kitonga ndio waulize.