Kuomba mafunzo ya ufundi wa leza ya ngozi ukiwa Kigoma au Tabora, bila kuliwa hela

Usianze na leza. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mtu anaona tangazo la kozi ya leza ya siku tatu, anatuma kishika nafasi, anapata cheti chenye dhahabu pembeni, halafu anagundua kwamba hakuna kliniki inayomwachia mashine, kwa sababu chini ya cheti hicho hana msingi wowote. Leza ni kozi ya juu. Uingereza, kwa mfano, mafunzo ya leza ya urembo yako ngazi ya 4, na anayeomba anatakiwa awe tayari na ngazi ya 3 ya urembo au awe mtu wa afya. Kwa hiyo ombi la kwanza utakaloandika halitakuwa la leza kabisa. Litakuwa la chuo cha msingi, na karatasi za chuo hicho unazianzia hapo hapo Mwanga, Ujiji, Ipuli au Kanyenye.

Milango iko miwili. Wa kwanza ni urembo: kozi ya ususi na urembo VETA au chuo binafsi cha ufundi stadi, ngazi ya I hadi III. Wa pili ni afya: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kisha kusomea ngozi. Kama kidato cha nne ulifaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake kuna angalau D ya Kemia, Biolojia na Fizikia, nenda mlango wa afya hata kama ni mrefu. Mwenye kliniki ya ngozi akiwa na nafasi moja na waombaji wawili, tabibu na msusi, anajua nani atamtetea siku mteja akiungua. Kama huna masomo hayo, mlango wa urembo hauna aibu, ila ujue mapema kwamba utafanya kazi chini ya daktari wa ngozi, si peke yako.

Sasa karatasi. Hapa pole pole, maana hapa ndipo mwaka mzima unapopotea.

Weka mezani vitu vitatu: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na cheti cha kidato cha nne. Soma majina herufi kwa herufi. Zainabu, Zainab na Zaynab kwa mama yako ni mtoto mmoja; kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu wasiofahamiana. Angalia na tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama zinaanza na 20010412 na cheti cha kuzaliwa kinasema 2002, una tatizo ambalo afisa udahili hatalitatua, atalirudisha tu.

Kanuni ya kurekebisha ni moja: cheti cha NECTA, yaani hicho cha kidato cha nne, ndicho mwamba, vingine ndivyo vinavyosogezwa. Majina ya mtahiniwa hurekebishwa kabla ya mtihani. Cheti kikishatoka, usipoteze nauli kwenda kubembeleza. Rekebisha cheti cha kuzaliwa na NIDA vifanane nacho. Tofauti ya herufi moja mbili mara nyingi inamalizwa na hati ya kiapo ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa, kwa mfano uliyesoma kwa jina la mjomba aliyekulea, linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usimkubalie wakili anayekuambia kiapo kinatosha kwa kila kitu. Kiapo ni rahisi kuandika, ndiyo maana anakipenda.

Usiye na cheti cha kuzaliwa nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la usajili wa vizazi na vifo. Mtu mzima anayesajiliwa kwa kuchelewa anaulizwa ushahidi: cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki kama panya hawajaila, cheti cha ubatizo, vitambulisho vya wazazi. Beba vyote hata kama dirishani wametaja viwili tu, maana kile cha tatu hutajwa ukishafika mbele baada ya foleni ya masaa manne. Mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono naye asijidai amemaliza. Vyeti hivyo mara nyingi havimo kwenye kanzidata ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na ukiomba uhakiki kwenye mtandao jibu linakuwa hakionekani. Kiingize kwenye mfumo mpya miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi. Uhakiki huu utauhitaji pia ukiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, zikiwemo fani za afya.

Kwa wa Kigoma kuna nyongeza ambayo mtu wa Tabora haijui. Ofisini swali la uraia linaweza kukutangulia kabla ya salamu: babu alizaliwa wapi, bibi anaitwa nani, kijiji gani, unaongea Kiha cha wapi. Maombi ya NIDA ya mikoa ya mpakani yanapita kwa Uhamiaji, na hapo ndipo yanapolala. Usigombane. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na mzazi mwenyewe kama bado ana miguu ya kutembea. Mzee mmoja aliyevaa kanzu safi na kutaja ukoo hadi kizazi cha nne anafungua mlango kuliko fomu tano. Na kama ulisoma ng'ambo ya mpaka, Burundi au Kongo, cheti chako kinakwenda kwanza NECTA kupatiwa ulinganifu. Bila ulinganifu huo mfumo wa maombi hauna hata kisanduku cha kukuandika.

Ukishalinganisha majina, piga nakala na upate mhuri wa wakili au hakimu kwenye kila moja. Nakala kumi, si tatu.

Kabla ya kuomba, kagua chuo. Usajili na ithibati za vyuo vya ufundi na ufundi stadi viko chini ya NACTVET, baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Iombe, kisha uitafute mwenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Usikubali picha ya cheti kilichotundikwa ukutani. Angalia pia programu, si chuo tu: chuo kinaweza kusajiliwa kwa famasi na kikawa kinakusanya ada za utabibu kwa matumaini.

Maombi yenyewe ni mepesi. Afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET au chuoni moja kwa moja, kutegemea tangazo la mwaka huo. Dirisha kubwa ni la kuanza masomo mwishoni mwa mwaka, na kwa baadhi ya programu lipo la Machi. Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na fomu zake hutoka mwaka uliotangulia. Aliyefanya kazi saluni miaka mingi bila cheti aulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi: unapimwa unachokijua badala ya kukalishwa darasani upya. Uliza kwanza kama fani ya urembo imo kwenye awamu iliyopo, maana awamu nyingine zinakuja na mafundi magari na maseremala tu.

Kuna kosa moja dogo linalowaua watu. Ukijaziwa fomu stesheneri, kijana wa kompyuta hutumia barua pepe yake na neno lake la siri, kwa kuwa yako huikumbuki na nyuma yako kuna watu tisa. Umechaguliwa, ujumbe umeenda kwake, na yeye amehamia Kasulu. Fungua barua pepe yako, andika neno la siri kwenye daftari, tumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Namba ya mtihani iandikwe pamoja na mwaka, na kama ulirudia mtihani weka zote mbili. Ukikuta mtandao uko chini, usiache nyaraka zako ofisini hadi kesho. Kesho atakuwepo mtu mwingine.

Malipo ya chuo cha serikali yanapitia kumbukumbu namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu badala yake, hata kama mtu huyo ana tai, si malipo ya serikali. Kumbukumbu namba huisha muda wake. Usiitoe Ijumaa jioni ukijua fedha ya tumbaku au dagaa itaingia wiki ijayo. Fomu ya afya ya kujiunga inajazwa hospitali ya serikali: Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora. Hiyo ni asubuhi moja.

Ukimaliza utabibu, jisajili Baraza la Madaktari Tanganyika, fanya kazi, kisha omba Moshi. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC kinatoa stashahada ya juu ya magonjwa ya ngozi na zinaa, miaka miwili, kwa matabibu na wauguzi waliokwisha kufanya kazi. Huko utajifunza jambo ambalo kozi ya leza ya siku tatu hailiruki tu, hailijui: kutofautisha doa la kawaida na ugonjwa ambao hutakiwi kuugusa kwa mwanga.

Hapo sasa unaomba leza, iwe Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Ukienda nje andaa hati ya kusafiria mapema, usitegemee kitambulisho cha NIDA pekee kikuvushe Namanga. Barua ya maombi iwe fupi, na iambatane na maswali. Shule inayokasirika kwa maswali haya umeshaijua.

Uliza mashine ina urefu gani wa mawimbi. Ngozi zetu nyingi ziko aina ya V na VI kwenye mizani ya Fitzpatrick, inayopanga ngozi kutoka I nyeupe sana hadi VI nyeusi sana. Leza ya kuondoa nywele hutafuta melanini, ile rangi ya asili ya mwili, na haijui kutenganisha melanini ya nywele na ya ngozi. Alexandrite ya nanomita 755 inanyonywa sana na melanini. Juu ya ngozi nyeusi inaunguza. Nd:YAG ya nanomita 1064 inapita ndani zaidi na kuiacha ngozi ya juu salama zaidi, ndiyo maana ndiyo inayotumika kwetu. Shule yenye mashine ya mwanga mkali wa mapigo (IPL) tu, ule usio leza, inakufundisha kazi ya wateja weupe. Rudi nayo Tabora uone.

Uliza utafanya kwa watu halisi wangapi, na wangapi ni weusi. Uliza vipele vya ndevu vinafundishwa wapi, kwa kuwa wanaume wenye shida hiyo ndio watakaokuwa wateja wako wa kudumu. Uliza wanafundishaje kumhoji mteja wa mkorogo: ngozi iliyochubuliwa kwa haidrokwinoni au zebaki haitabiriki, na mteja hatasema ametumia hadi umuulize mara tatu kwa majina ya makopo. Mwenye historia ya makovu yanayovimba naye anajaribiwa sehemu ndogo na kusubiriwa, si dakika kumi wala siku moja, kwa sababu kovu na weusi wa baada ya kuungua havionekani siku hiyo hiyo. Nywele nyeupe, pamoja na za wenye ualbino, hazina melanini ya kutosha kupokea mwanga. Anayekuambia zitaondoka anakuuzia kozi.

Miwani nayo. Leza hizi ni daraja la 4, lile la hatari kubwa kuliko yote, zinapofusha hata kwa mwanga uliogonga kioo au hereni. Kila miwani imeandikwa urefu wa mawimbi inaouzuia. Ya 755 pekee haimlindi mtu mbele ya 1064. Mkufunzi akikwambia fumba macho tu, kusanya mkoba wako.

Bei ya kozi isitazamwe bila mashine. Mashine inaweza kuhesabika kama kifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakikisha unajua masharti yake kabla ya kuahidi mtu utaagiza. Inahitaji umeme usioyumba na chumba chenye baridi, na kidhibiti umeme si cha hiari kwenye miji hii.

La mwisho kuliomba kwa maandishi, kabla hujalipa hata shilingi: daftari la mazoezi lenye tarehe, aina ya ngozi ya kila mteja, nguvu ya mwanga iliyotumika, muda wa kila pigo kwa milisekunde, na sahihi ya msimamizi mwenye namba ya usajili inayosomeka.