Somo: Bafu limeota ukungu? Tafuta maji kabla hujanunua rangi

Masika hii nimeitwa nyumba tatu hapa Tanga kwa jambo lilelile: "Fundi, njoo upige rangi bafuni, kumekuwa kweusi." Kote nimekataa kufungua kopo kwanza. Mwaka juzi, Ngamiani, nilipiga rangi juu ya ukungu. Mvua haijakatika, rangi ikavimba kama andazi. Nilipoitia ukucha ilibanduka kipande kizima, nyuma yake lipu imelowa chepechepe na weusi uko palepale. Pesa ya mwenye nyumba niliirudisha.

Hatua ya 1: jua maji yanatoka wapi. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote nne kwa selotepu. Kiache siku moja au mbili, bafu likitumika kama kawaida. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani: bomba linavuja au unyevu unapanda kutoka msingini. Hiyo ni kazi ya fundi bomba au mwashi. Yakiwa mbele, ni mvuke wa kuogea uliokosa pa kutokea.

Hatua ya 2: osha. Fungua dirisha, vaa glavu na barakoa, lowesha ukuta kwanza ili vumbi la ukungu lisiruke. Marumaru zisugue kwa sabuni na brashi. Weusi ukibaki, pakaa Jik, kikombe 1 kwa maji lita 4, subiri dakika kumi, suuza. Tafadhali sana, usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Lipu iliyolegea ikwanguliwe, kwani Jik huing'arisha juu tu.

Hatua ya 3: acha ukuta ukauke kabisa ndipo upake. Kwa kuta za kawaida napenda chokaa, ukungu hauipendi.

Kila siku, ukimaliza kuoga, sukuma maji kwa dekio na acha dirisha wazi upepo upite.

MASWALI

– Tumepanga Makorora, bafu halina dirisha na mwenye nyumba hataki kutoboa ukuta.
Dada, mwombe atoe kioo kilicho juu ya mlango, aweke wavu. Ukuta hauguswi. Na nguo mbichi usianike humo.

– Shikamoo fundi. Mtoto wangu ana pumu, nitumie Jik?
Marahaba mwanangu. Hapana, tumia sabuni na maji, harufu ya Jik nayo huamsha pumu. Siku ya kusugua mtoto ashinde kwa bibi yake. Akiendelea kubanwa kifua, mpeleke hospitali.

– Dari ya jipsamu je?
Iliyolowa hadi ikalainika haioshwi, kaka. Kata kipande hicho, kitupe, kisha panda ukaangalie kama bati linavuja penye misumari kabla hujaweka kipya.