Transponda kwenye ndege ndogo: jinsi ya kuiwasha vizuri, na kwa nini iwe lazima

Kama unajifunza kurusha ndege ndogo, Cessna 172 ama Piper, kile kidude cha namba nne kilichokaa karibu na redio usikichukulie poa hata kidogo. Hiyo ndio transponda. Rada ya chini inarusha swali kwa 1030 MHz, transponda yako inajibu kwa 1090 MHz, na hapo ndio muongoza ndege anajua huyu ni fulani na yuko futi kadhaa. Ikizimwa, kwenye skrini yake we ni kidoti tu kisicho na jina, na saa zingine hata hicho kidoti hakionekani.

Tuanze na kodi, yaani ile namba ya tarakimu nne inayokutambulisha kwenye rada. Utapewa na waongoza ndege, unaiweka. Kama unaruka kwa macho na hujapewa yoyote, Marekani wanaweka 1200 na Ulaya wengi wanaweka 7000, kwa hiyo angalia ulipo wanatumia ipi. Kila tarakimu inaishia 7, hakuna 8 wala 9. Kwenye zile za zamani za kuzungusha vifundo, rudisha STBY (imewaka ila haijibu rada) kwanza ndio ubadilishe, maana ukipita kwa bahati mbaya kwenye 7500 unatangaza umetekwa, 7600 redio imekufa, 7700 una dharura, na huko chini watu watashtuka kweli kweli.

Sasa sehemu ambayo wengi wanakosea, na naomba hapa usome polepole. Swichi ina ON na ina ALT. ON inatuma kodi peke yake, ALT inatuma kodi pamoja na kimo. Mi nilishawahi kupaa imebaki ON, kale kataa ka njano kanapepesa vizuri kila rada ikiuliza, nikajua mambo sawa, mpaka mwalimu akanyoosha mkono bila kusema kitu akazungusha kifundo alama moja mbele. Kile kitaa kitapepesa hata kama kimo hakitoki. Kwa hiyo usiangalie taa, angalia kifundo kimesimama wapi, na uangalie kabla hujaingia ranwei.

Kwa nini nashikilia kimo hivi? Tarehe 31 Agosti 1986, juu ya Cerritos karibu na Los Angeles, Piper ndogo iligongana na DC-9 ya Aeroméxico, hali ya hewa safi kabisa, wakafa watu 82, 15 kati yao walikuwa chini kwenye makazi yao. Ile Piper transponda ilikuwa nayo! Ila haikuwa ya kutuma kimo. Baada ya hapo Marekani wakalazimisha transponda za kutuma kimo kuzunguka viwanja vikubwa, maili 30 za anga, na ndege kubwa za abiria zikalazimishwa kubeba TCAS, mtambo wa kumuonya rubani asigongane na ndege nyingine. Na TCAS yenyewe inategemea wewe mwenye ndege ndogo, maana kama hutumi kimo haiwezi kumwambia rubani wa ndege kubwa apande ama ashuke.

Ndio maana nasema ndege yoyote ndogo yenye injini na umeme wake ilazimishwe kubeba transponda ya kutuma kimo. Najua gharama zinauma, na glaida (ndege isiyo na injini) ama puto kweli hazina umeme wa kutosha, hao watafutiwe njia nyingine. Lakini anga la uwanja wa Wilson hapa Nairobi, wanafunzi na ndege za safari wanapishana kutwa nzima, na tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Sisemi transponda ndio ilikuwa chanzo. Nasema anga limejaa na macho peke yake hayatoshi.

Mengine ni madogo. IDENT, kitufe cha kukuonyesha wazi kwenye skrini ya muongoza ndege, bonyeza ukiambiwa tu, mara moja, uachie. Ukizungusha altimita (kipima kimo) kuiweka sawa na shinikizo la hewa la hapo ulipo usihofu, transponda inatuma kimo kwa kipimo cha shinikizo la kawaida, 1013, siku zote, mahesabu yanafanyika huko chini. Na kabla hujakodi ndege ya mtu, omba kitabu cha matengenezo uone transponda ilipimwa lini, Marekani ni kila miezi 24. Wakikuzungusha kuhusu hicho kitabu, tafuta ndege nyingine.