Ubao wa mninga na kaunta ya granaiti: namna ya kuviunga

Hapa Moshi wateja wengi wananiomba jiko lenye granaiti upande wa sinki, na upande wa kukalia uwe ubao mpana wa mninga, ukingo wa nje ukiachwa ulivyoota mtini. Ni kazi naipenda sana. Ila jiwe limetulia, mti hautulii. Masika ubao unavuta unyevu na kutanuka, Januari unasinyaa, tena kwa upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ubao wa sentimita 60 unaweza kucheza milimita kadhaa. Ukiugandisha kwenye jiwe kwa epoksi, utapasuka.

Basi nunua ubao mkavu. Ulioanikwa kivulini huhitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na ni vizuri kipima unyevu kisome asilimia 12 hivi. Bandua gome lote kwa patasi. Ile sehemu nyeupe ya mninga hupendwa na dudu wanaotoa unga, kwa hiyo ipake dawa kabla ya vanishi.

Granaiti itangulie kufungwa, maana ubao ndio unaokubali randa. Usogeze ubao hadi karibu na jiwe, shika penseli juu ya kijiti, upitishe kijiti kikigusa jiwe mwanzo hadi mwisho. Mstari huo utabeba kila kasoro ya jiwe. Kata ukiinamisha msumeno kidogo ili sehemu ya chini iingie ndani kuliko ya juu, kisha malizia kwa randa ya mkono. Acha nafasi ya milimita 2 au 3. Najua mwenye nyumba atataka vigusane kabisa. Mweleze sababu, usimkubalie.

Jiwe likiwa la sentimita 2 na ubao wa 5, kitako cha ubao kishushwe sentimita 3, nyuso zilingane. Hakikisha kwa pimamaji.

Vanishi ipigwe nje ya jiko, pande zote mbili na kwenye vichwa vya ubao, mikono (yaani mipako) sawa juu na chini. Ukipaka juu tu, utabenda. Mafuta nayo yakidondokea granaiti isiyopakwa kinga huacha doa.

Kufunga ndiko kwenye siri yote. Tumia vyuma vya engo chini ya ubao. Skrubu zilizo karibu na jiwe zikae kwenye tundu za kawaida na zikazwe. Zilizobaki zipite kwenye tundu ndefu zinazoelekea upana wa ubao, ziwe na washa, zikazwe kiasi tu. Hivyo ubao utatembea kuelekea kwenye viti, na kiungio hakitaachia.

Mwisho bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, jaza nafasi kwa silikoni isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye siki inaweza kudhuru jiwe. Lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, bandua tepu silikoni ikiwa bado mbichi, na pasimwagwe maji hadi kesho yake.