Kuandaa mfumo wa taarifa wa kituo cha maziwa

Viongozi wa vyama vya wafugaji hapa Tanga huniuliza kwanza wanunue programu gani. Huwaomba tuliweke swali hilo kando, kwa sababu mfumo wa taarifa hubadilisha nani anajua nini, na anayejua ndiye anayeamua. Chama kisipojiandaa kwa hilo, kompyuta huishia kufunikwa kitambaa ofisini.

Hatua ya 1: Andikeni mkakati kwa sentensi moja. Katika miaka ya 1980 Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alieleza kwamba biashara hushindana ama kwa gharama ndogo ama kwa kutoa kitu cha pekee ambacho mnunuzi yuko radhi kukilipia zaidi. Chama kinachotaka kupunguza gharama kitahitaji takwimu za usafiri na za maziwa yanayoharibika, ilhali kinachotafuta sifa ya ubora kitahitaji kipimo cha kila ndoo. Taarifa isiyoihudumia sentensi yenu msiikusanye.

Hatua ya 2: Ifuateni taarifa moja kutoka kwenye ndoo hadi kwenye malipo. Nilifanya hivyo katika kituo kimoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mpokeaji alitumbukiza laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa ili kujua kama yameongezwa maji, akasoma 22, kipimo cha chini kinachoashiria maji, akamrudishia mama ndoo yake kwa upole, kisha akamwita anayefuata. Hakuandika chochote, maana daftari lilikuwa na safu mbili tu, jina na lita, na maziwa yaliyokataliwa hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Chama kilichojinadi kwa ubora hakikuweza kujua ni wafugaji gani wanaohitaji kutembelewa na mtaalamu wa mifugo. Tulichora kwa rula safu mbili zaidi, ya kipimo na ya sababu ya kukataa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenye manufaa kuliko zote nilizofanya pale.

Hatua ya 3: Pangeni upya majukumu. Mwaka 1965 Harold Leavitt, mtaalamu wa uendeshaji wa taasisi, alionyesha kwamba kazi, watu, teknolojia na muundo wa taasisi vimeshikana, hivyo ukigusa kimoja vingine vinatikisika. Mfugaji akipokea kila asubuhi ujumbe wa simu unaotaja lita zake, hatamsubiri tena katibu mwisho wa mwezi. Naye katibu, aliyekuwa mshika daftari pekee, anaweza kuuchelewesha mfumo bila kutamka neno. Ketini naye mapema, mmsikilize, mmkabidhi jukumu jipya kwa maandishi, kama vile kuchambua kila wiki kwa nini maziwa yanakataliwa. Msiiruke hatua hii hata kama mna haraka.

Hatua ya 4: Sasa chagueni zana. Simu moja na jedwali la kompyuta mara nyingi vinatosha kuanzia. Majina na namba za wafugaji ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo amueni nani aruhusiwe kuziona.

Hatua ya 5: Endesheni daftari na mfumo sambamba kwa mwezi mmoja. Linganisheni jumla kila jioni, na tofauti ikijitokeza itafuteni siku hiyohiyo, kabla mpokeaji hajasahau. Hesabu zikilingana mwezi mzima, katibu na mweka hazina watie saini ukurasa wa mwisho wa daftari, na malipo yanayofuata yatoke kwenye mfumo.