Namna ya kuhakikisha kiwanja unachonunua Uganda hakimo ndani ya hifadhi ya msitu

Anayenunua kiwanja Wakiso, Mukono au Hoima huuliza kwanza bei, kisha huuliza kama hati ipo. Swali la kama ardhi hiyo imo ndani ya hifadhi ya msitu mara nyingi huja wakati tingatinga limeshafika. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali kuu au ya wilaya izishike hifadhi za misitu kwa amana ya wananchi wote, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuzikodisha au kuzigawa. Kinachoweza kutolewa ni leseni au kibali cha matumizi tu.

Usiyategemee macho. Hifadhi ni mpaka uliotangazwa kisheria, kwa hiyo nyika tupu, shamba la mahindi au mtaa wenye maduka unaweza kuwa ndani yake ingawa hakuna mti hata mmoja.

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazee wa jirani, lakini usiishie hapo, kwa sababu muhuri wa mwenyekiti huonyesha tu kwamba muuzaji anafahamika kijijini. Nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukiwa na namba ya bloku na ya kiwanja, uombe upekuzi wa daftari, kisha ulinganishe jina la mmiliki, ukubwa na ramani na kile ulichoonyeshwa. Kama unanunua kibanja (haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mmiliki mwingine) au ardhi ya kimila isiyo na hati, upekuzi huo hautakueleza mengi, na hapo hatua inayofuata ndiyo kinga yako.

Ajiri mpima ardhi aliyesajiliwa, tena wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji au dalali. Afungue mipaka, yaani aitafute na kuionyesha upya, mbele ya majirani na achukue vipimo vya GPS vya kila pembe. Vipeleke vipimo hivyo, pamoja na barua, kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, ambayo inasimamia hifadhi kuu 506, na uombe vilinganishwe na ramani zake. Hifadhi za mitaa ziko chini ya wilaya, kwa hiyo afisa misitu wa wilaya naye aulizwe. Dai jibu la maandishi, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya simu hayatakufaa mahakamani. Kazi hii ina gharama, lakini ni ndogo ukiilinganisha na bei ya msingi utakaobomolewa.

Jihadhari na karatasi inayoitwa leseni ya kupanda miti. Ni halali kwa mwenye kupanda miti katika hifadhi, lakini haimpi umiliki wa ardhi, na anayekukatia viwanja kutoka humo anakuuzia kisicho chake. Vivyo hivyo, ukiambiwa kwamba hifadhi “itaondolewa karibuni”, kumbuka kuwa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inataka idhini ya Bunge, na eneo jingine lisilopungua ukubwa huo litangazwe badala yake. Ukitaka kujua ugumu wake, kumbuka hifadhi ya msitu wa Mabira mwaka 2007, pale pendekezo la kutoa takriban robo ya msitu kwa kilimo cha miwa lilipozua maandamano Kampala.

Hati yenyewe pia si ngao kamili, kwani iliyotolewa kimakosa ndani ya hifadhi inaweza kufutwa. Ikiwa umekwisha kulipa sehemu ya bei na majibu yakawa mabaya, simamisha malipo yaliyobaki, usimwage hata lori moja la mchanga, na mpelekee wakili mkataba, risiti na barua ya mamlaka ili adai fedha zako kwa muuzaji. Kibali cha ujenzi, ambacho Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inakidai, kiombwe baada ya majibu hayo yote, kwa maana hakiwezi kuihalalisha ardhi ambayo muuzaji hakuwa na haki ya kuiuza.